Kichuguu cha Rangi Nyekundu

2 Juni

Shemeji Fundi,

U hali gani? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kushinda kwenye cherehani. Nakuandikia barua kwa sababu wewe na simu hamjawahi kupatana. Tatu umeziua kwa thina yako ya kuyeyushia rangi, na ya nne nasikia umekataa hata kuinunua.

Basi la Alhamisi litakuletea sanduku refu. Ndani mna gitaa la kaka yako. Usishtuke. Miaka saba limekaa chumbani kwangu kwenye ile stendi yake, nami nalipangusa vumbi kila Jumapili kama mtoto anayeoshwa uso. Bendi yake ya zamani wanamfanyia kumbukumbu tarehe 28 Agosti. Wameniomba walipige siku hiyo, kisha libaki kwao, nami nimekubali. Ila mpiga besi alipokuja kulitazama alisema limebanduka rangi sehemu nne, na jukwaani chini ya taa litaonekana kama limeumwa na panya. Nikamwambia mdogo wa Solo, maana kaka yako bado wanamwita hivyo, ni fundi wa magitaa, tena hakuna kama yeye. Usiniaibishe.

La pili ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Kuna Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili, mgane, mtu mtaratibu. Amenisubiri miaka miwili bila kunisukuma. Nimemwambia aje kuzungumza na wazee baada ya kumbukumbu. Nataka baraka yako, shemeji. Wewe ndiye uliyebaki upande wa mume wangu.

Nasubiri jibu lako,
Shemeji yako

11 Juni

Shemeji yangu wa pekee,

Gitaa limefika salama, na baraka yangu unayo. Huyo Mwalimu mwambie nitamfanyia usaili mwenyewe, na swali la kwanza litakuwa kama anajua kuosha vyombo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kabla ya kutibu lazima nipime, maana magitaa haya ya umeme yana rangi za aina mbili na dawa zake hazifanani. Kuna ile ngumu inayofanana na plastiki. Ikigongwa inapasuka kama kigae, na dawa yake ni gundi kali. Kuna laka, ambayo ni laini na nyembamba, na dawa yake ni laka mwenzake, kwa sababu tone jipya huiyeyusha ile ya zamani kidogo, zikashikana zikawa kitu kimoja. Fundi asiyepima huharibu gitaa la watu kwa dakika tano. Nilifungua kile kibati cha mbele kinachofunika nyaya, nikadondosha asetoni kidogo, ile dawa ya kuyeyusha laka, mahali ambapo hapaonekani, nikagusa kwa kidole. Kidole kikanata. Ni laka, tena nyekundu ya zamani iliyoanza kuiva kuelekea rangi ya damu ya mzee. Itabidi niichanganye mwenyewe.

Pengo la kwanza liko kwenye pembe ya juu, la pili kando ya tundu la waya, la tatu mgongoni ambapo kifungo cha chuma cha mkanda wake wa kiunoni kilikuwa kinasugua. Hayo matatu nimeyaanza. La nne, pale chini kwenye ukingo, nimeliacha kwanza.

Nina swali, usilipe uzito. Gitaa hili tangu kaka aondoke limeguswa na nani? Umewahi kumpa mtu yeyote alitengeneze? Nauliza tu, kama fundi anayetaka kujua historia ya mgonjwa.

Ni mimi,
Fundi

17 Juni

Shemeji,

Mtu akiandika "nauliza tu" mara moja, nampuuza. Lakini ukaandika na "usilipe uzito" hapohapo. Nimekujua tangu hujaanza kunyoa ndevu. Kuna kitu umekiona.

Nakujibu ili na wewe unijibu. Gitaa halijaguswa na mtu. Nakaa peke yangu, vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, ngazi ya chuma nje ambayo hata paka akipanda inalia. Chini yangu kuna mafundi wa mageti, nao hawajawahi kuja juu hata kuomba chumvi. Mwalimu hupokelewa sebuleni na huishia sebuleni. Kitasa cha mlango ni kilekile. Sijakibadilisha tangu zamani kwa sababu ambayo nilikuwa naona haya kuisema: kaka yako aliondoka na ufunguo wake mfukoni.

Unajua yaliyosemwa. Basi lilipotumbukia mtoni pale darajani walitolewa watu wote isipokuwa yeye, wazima kwa maiti. Halafu yule kondakta akasema anadhani kuna kijana mwenye gitaa aliyeshuka kabla ya daraja. Halafu watu wakajiuliza mbele yangu, mwanamuziki gani anakwenda kupiga muziki anaacha gitaa lake nyumbani na kuazima la mwenzake? Wakajijibu wenyewe: anayekimbia. Miaka saba, shemeji, nimepewa pole na watu ambao wakigeuka wanacheka. Sijui kama mimi ni mjane au ni mwanamke aliyeachwa. Nilikuwa nimeamua kutojua tena, niolewe, niendelee. Wewe sasa unaniuliza nani ameligusa.

Sema ulichoona. Usinifiche kama mgonjwa.

Shemeji yako

24 Juni

Shemeji,

Barua hii nimeianza mara nne. Nitasema yote.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kupaka rangi makabati, unamkumbuka na vidole vyake vya kahawia. Alitufundisha mimi na kaka kuziba pengo la laka kwa namna yake. Kwanza unayeyusha mshumaa, unazungushia pengo duara jembamba la nta ili rangi isikimbie. Halafu unachonga kijiti cha kiberiti, unachovya, unadondosha tone moja. Moja tu kwa siku. Unaendelea mpaka rangi inapanda juu ya usawa wa gitaa na kuwa kama kichuguu kidogo. Hapo unaacha. Usiguse mwezi mzima, laka inywee na kukauka mpaka ndani. Mwezi ukitimia ndipo unatoa nta, unakunja msasa laini, unauchovya majini, unakiteremsha kichuguu taratibu mpaka kidole kikipita kisijue. Mafundi wengine wote ninaowajua wanabandika utepe wa karatasi na kukwangua kabla ya wiki mbili. Duara la nta ni letu. Baba alishazikwa. Duniani tulibaki wawili.

Kwenye pengo la nne nimekuta duara la nta. Katikati yake kuna kichuguu chekundu, kimepandishwa tone kwa tone, rangi imechanganywa sawasawa kabisa na ile ya zamani. Nikajua ni kaka. Nikadhani ni kazi ya zamani aliyoisahau. Basi nikakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, kama tunavyofanya kujua kama laka imekauka.

Ukucha ulizama, shemeji.

Laka ya miaka saba ukiibonyeza, ukucha ndio unaoumia. Hii ilikubali kama siagi, ikabaki na alama ya mwezi mwandamo. Nimerudia kesho yake na keshokutwa. Rangi hii haijamaliza mwezi. Kuna mtu mwenye mkono wa baba yangu alikuwa chumbani kwako mwezi wa tano, siku nyingi mfululizo, tone moja kwa siku, na hajamaliza kazi. Anasubiri mwezi utimie arudi kukisugua.

Sijamwambia mtu. Sina raha, na nakuapia sijui kama ninachokisikia ni furaha au hofu.

Fundi

30 Juni

Shemeji,

Mwezi wa tano nilisikia harufu ya thina chumbani. Siku kadhaa, nikirudi kazini. Nilifungua dirisha nikawalaani mafundi mageti.

Kwa hiyo yu hai. Aliniacha, na sasa anakuja nikiwa kazini, anakaa kwenye kitanda changu kulihudumia gitaa, siku moja hadi nyingine, na hakunisubiri hata mara moja. Nimelia kwa hasira mpaka nikaona aibu mbele ya kioo. Kisha nikajikuta nafagia chumba.

Nimemwambia Mwalimu asije kwa sasa. Alichukua kofia yake mezani, akaniambia nijitunze.

Niambie nifanye nini.

Shemeji yako

5 Julai

Shemeji,

Nimewaza sana. Ukimwekea mtego atakimbia, kaka namjua. Lakini hakuna fundi anayeweza kuacha kichuguu bila kukiteremsha, kitamwasha kama upele. Atakuja tu. Atakuta gitaa halipo, na hapo usimwache aondoke akidhani umeliuza.

Fanya hivi. Kwenye meza iliyo karibu na stendi weka bakuli la maji safi na kipande cha msasa ninachokutumia ndani ya bahasha hii, namba elfu moja. Akiviona ataelewa kwamba liko kwangu na kwamba tunajua. Jioni ukiwa ndani usifunge komeo, acha kitasa peke yake. Na usiwashirikishe majirani, watakuja na marungu.

Shemeji, akija, kabla hujamwambia lolote la kwako, mwambie mdogo wake anaomba msamaha. Yeye atajua wa nini.

Fundi

16 Julai

Shemeji,

Siku tatu hapakuwa na kitu. Siku ya nne nilirudi saa kumi jioni, mlango umefungwa vizuri kama nilivyouacha. Kiti kilikuwa kimevutwa kutoka mezani. Msasa wako ulikuwa umekunjwa mara tatu, umelowa. Maji ya bakuli yalikuwa na wekundu kidogo, kama mtu amenawa kidole kilichojikata.

Nilidhani nitapiga yowe. Nilikaa kwenye kile kiti.

Tangu hapo imekuwa mara tatu. Nabadilisha maji asubuhi, nikirudi yana wekundu. Sijawahi kumsikia kwenye ngazi, mafundi wa chini hawajamwona mtu, nami nimeacha kuwauliza maana wananitazama vibaya. Sasa namwachia chai kwenye chupa. Hainywi, lakini asubuhi naimwaga naweka nyingine. Napika cha watu wawili. Jana niliomba ruhusa nikarudi saa sita, nikakaa chumbani kimya nimevaa lile gauni la kijani alilolipenda. Hakuja. Ila nilipokwenda jikoni kidogo na kurudi, msasa ulikuwa umelowa.

Hasira imeisha, shemeji. Najiuliza tu kwa nini hasemi nami. Labda ananiogopa. Nimeanza kuzungumza mwenyewe, namsimulia habari za siku nzima, na nikinyamaza naona kama chumba kinasikiliza.

Mwalimu alikuja Jumamosi kuniuliza hali. Nilimjibu kwa ndani, sikufungua. Nilimwambia mume wangu yupo.

Kile kichuguu usikiguse. Ni chake, atakimaliza yeye. Na wale wa bendi nimewatumia ujumbe kwamba hakuna kumbukumbu. Mtu hakumbukwi akiwa hai.

Shemeji yako

25 Julai

Shemeji, soma barua hii ukiwa umekaa.

Juzi alikuja mteja na gitaa jeupe zuri la laka, amelitunza ndani mwaka mzima, analia kwamba rangi imeyeyuka mgongoni. Nilimwuliza analiweka wapi. Akasema kwenye stendi. Nikaanza kumfokea kama ninavyowafokea wote: stendi hizi zimevikwa mpira, mpira na laka ni maadui, ukiviacha vikae pamoja mpira huilainisha laka na haikauki tena, hata upite mwaka wa kumi. Nilikuwa nimenyoosha kidole, mdomo wazi, na sentensi sikuimaliza. Yule mteja alidhani nimepatwa na kiharusi.

Lilikuwa kwenye stendi yake. Uliniandikia tangu barua ya kwanza.

Nilichukua gitaa la kaka, nikabonyeza ukucha pembeni ya kile kichuguu, nje kabisa ya duara la nta, kwenye rangi ya kiwandani ambayo ina umri kunishinda mimi. Ukazama. Nikafuata ukingo wote. Kuna ukanda wa upana wa vidole viwili, sawasawa na mkono wa ile stendi, na ukanda wote ni laini. Nikitoka nje ya ukanda huo, rangi ni ngumu kama jiwe. Kichuguu kiko mwanzoni mwa ukanda. Ulaini wake si wa upya, shemeji. Kimelainishwa na mpira kwa miaka saba. Kaka alikidondosha wiki ile kabla hajasafiri, na tangu hapo hakuna mkono uliokigusa.

Utaniuliza fundi mzima nilikosaje jambo ninalowafundisha wateja kila siku. Nitakwambia, maana nimechoka kulibeba. Kabla ya safari ile kaka aliniletea gitaa hili nizibe pengo la ukingoni. Nilimkatalia. Nilikuwa nimenuna kwa sababu mji mzima ulimjua yeye na mimi nilikuwa "mdogo wa Solo". Nilimwambia nina kazi nyingi. Mezani kwangu hapakuwa na kitu hata kimoja. Akaenda kuliziba mwenyewe, na kwa sababu rangi ilikuwa inakauka hakuweza kulibeba gitaa, ndiyo maana akaazima la mwenzake. Ukucha ulipozama, nilitaka sana awe hai nimwombe radhi. Mtu akitaka jambo hivyo, macho yake hayapimi tena. Nimekutia wewe kwenye moto kwa ajili ya dhamiri yangu.

Lakini lisikie na hili, ndilo la muhimu. Mtu anayekimbia hahangaiki kudondosha rangi tone moja kwa siku na kuiacha inywee. Alikuwa amehesabu mwezi wake. Alipanga kurudi akisugue. Hakuliacha gitaa kwa kukukimbia, aliliacha ili alikute tayari. Wewe ni mjane, shemeji. Pole. Pole ya kweli, na imechelewa miaka saba.

Sasa kuhusu hayo ya chumbani kwako. Kukunja msasa mara tatu si siri ya ukoo wetu, kila fundi hukunja hivyo. Lakini kuna aliyeukunja. Na maji mekundu sijui niyasemeje, kwa sababu chekundu cha kusuguliwa kiko hapa mezani kwangu, na kwako hakuna. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeingia chumbani kwako mwezi wa tano; ile thina ilikuwa ya mafundi mageti wa chini yako. Aliyeingia ameingia tangu tulipomwita. Mimi ndiye niliyekwambia uweke maji na uache komeo.

Mwaga maji. Choma msasa. Badilisha kitasa leo, na jioni ufunge komeo. Akigonga usifungue, hata akiita vipi. Nakuja na basi la tarehe 7, mapema zaidi sijapata nafasi.

Kichuguu sijakigusa. Nimeshika msasa mara mbili nikauweka chini. Ni kazi yake ya mwisho, nikikiteremsha itakuwa kama sijawahi kuwa na kaka.

Nisamehe,
Fundi

3 Agosti

Shemeji,

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma nimekaa kwenye kile kiti, na nilipofika pale uliposema mimi ni mjane nililia kilio ambacho sijawahi kukilia, cha mtu aliyeruhusiwa. Kisha nilisimama nikamwaga maji. Msasa niliuchoma kwenye jiko, ukanuka nywele. Nikamwita fundi mageti mmoja, akanibadilishia kitasa jioni ileile na kuniwekea komeo jipya la chuma.

Kabla ya yote, jua hili: kaka yako aliniambia kwamba ulimkatalia. Aliniambia akicheka. Alisema, "Dogo amenuna, nikirudi nitampelekea nyuzi mpya atanisamehe." Hakuondoka na kinyongo. Mimi nilijua miaka yote hii na sikufikiri kama wewe unaumia, ungekuwa umeniuliza ningekwambia.

Sasa sikia ya jana. Jumamosi, saa tisa alasiri, jua kali, chini mafundi wanagonga vyuma vyao. Nilikuwa nakunja nguo. Ufunguo uliingia kwenye kitasa. Ngazi haikulia, nakuapia, ila ufunguo niliusikia, ukazungushwa taratibu kama mwenye nyumba anavyozungusha. Haukushika. Ukatolewa, ukaingizwa tena. Chini wakaacha kugonga, sijui kwa nini wote kwa pamoja.

Nilisogea mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshika shati, nikaona mikono yangu inalikunja na kulikunjua. Akasema kutoka nje, "Nimekuja kumalizia kazi."

Ukiniuliza kama ilikuwa sauti yake, nitakwambia ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajaongea muda mrefu. Lakini alivyosema "kazi" alivuta kama kaka yako alivyokuwa akivuta. Mkono wangu ulikwenda kwenye komeo wenyewe. Nilitaka kufungua, shemeji. Nakwambia wewe tu, na sitamwambia mtu mwingine mpaka nife: nilitaka kufungua kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba mtu akitaka jambo hivyo hapimi tena. Nikautoa mkono.

Nikamwambia, "Kazi imeshakwisha. Mdogo wako ameimaliza. Nenda salama, mume wangu."

Nilidhani ameondoka. Kisha akauliza, polepole, kama fundi anavyouliza kazi ya fundi mwenzake, "Imetoka vizuri?"

Nikasema, "Imetoka vizuri. Kidole kikipita hakijui."

Basi. Hakuna hatua iliyoshuka, ila baada ya kitambo mafundi wa chini walianza tena kugonga. Nilipofungua leo asubuhi ngazi ilikuwa tupu. Nimelala usiku mzima bila taa, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Mwalimu nimempelekea habari, akaja na kofia yake, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kumbukumbu itakuwa saa ngapi ili aombe ruhusa shuleni. Wale wa bendi pia nimewajibu: tarehe ni ileile.

Limebaki moja, nalo liko mikononi mwako. Nimesema uongo mlangoni kwangu, mbele ya mtu ambaye sikupaswa kumdanganya. Najua unaona kwamba ukikiteremsha kichuguu hicho unampoteza kaka yako. Lakini yeye hakukidondosha ili kikae. Tarehe 7 usije, kaa mezani kwako. Barua hii namkabidhi dereva wa basi mkononi, ikufikie kesho. Ikifika, iweke kando, toa nta, lowesha msasa, ukae chini na ukimalize siku hiyohiyo kabla hajaja kwako kuhakikisha. Na kitoke vizuri, shemeji. Nimeshamwambia kimetoka vizuri.

Shemeji yako